Andika Ng'ombe Kwanza: namna ya kuhifadhi maisha ya mzee mfugaji

Siku ya tatu baada ya kumzika baba, ami aliniita pembeni ya jamvi akanambia, "Wewe ndiye mwalimu. Tuandikie habari za ndugu yangu zisomwe siku ya arubaini." Nikachukua daftari la skuli, nikakaa chini ya mwembe. Saa nzima ikapita na mimi nina mistari minne: alizaliwa, alioa, alizaa watoto wanane, alikuwa mcha Mungu na mpenda watu. Nikamsomea shangazi, dada yake anayemfuata. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo ni nani? Mbona hata ng'ombe hamna?"

Nilikasirika, lakini alisema kweli. Mistari ile ungeweza kuisoma kwenye hitma ya mtu yeyote hapa Unguja, kuanzia Nungwi mpaka Makunduchi, na hakuna ambaye angeshtuka. Baba alifuga ng'ombe upande wa msitu wa Jozani kwa zaidi ya miaka 70. Hakusoma zaidi ya chuo cha Kurani, hakuacha barua, na picha zake ni mbili, moja ya kitambulisho. Kama na wewe unaye mzee wa namna hiyo, aliye hai au aliyetangulia, haya ndiyo niliyojifunza, mengi kwa kukosea kwanza.

Wakati wa matanga usiandike, kusanya

Siku zile za mwanzo akili haijatulia, na ukianza kupanga sentensi utaandika sifa tupu. Lakini usikae bure. Watu wanaokuja kutoa pole hukaa jamvini wakasimulia mambo ambayo hawakuyasema miaka 30 na hawatayasema tena. Weka daftari dogo mfukoni. Andika maneno matatu tu kwa kila kisa, pamoja na jina la aliyesimulia, ili baadaye ujue pa kurudi. Mimi niliandika "dume – kisima – usiku" na yalitosha.

Wanaume wako nje, wanawake wako ndani, na habari za ndani ndizo nzito zaidi. Mtafute dada au binti akukusanyie za huko. Dada yangu alinipa karatasi mbili ambazo, kusema kweli, ndizo zilizobeba kazi yote.

Usiondoke pale linapotolewa tangazo la madeni. Mavani, kabla watu hawajatawanyika, msimamizi husema anayemdai marehemu ajitokeze na anayedaiwa naye ajitokeze. Wengi wetu hapo tunaomba Mungu lisizuke deni kubwa. Kwetu walikuja saba ndani ya wiki. Wawili walikuwa wanadai: mmoja pesa za pumba, mwengine kamba mbili. Watano walikuja kulipa. Mama mmoja wa kijiji cha pili alileta Sh. 15,000 zilizofungwa kwenye ncha ya kanga. Alipojifungua pacha na maziwa yakamkatika, baba alimpelekea chupa kila asubuhi kwa miezi minne, na kila alipotaka kulipa aliambiwa, "Tutahesabu watoto wakikua." Watoto hao sasa wana ndevu. Sisi nyumbani hatukulijua hilo. Hata mama yetu hakulijua.

Tengeneza kalenda ya ng'ombe

Hapa ndipo nataka ukae na mimi kidogo, maana ndipo watu wengi wanaposhindwa.

Ukitafuta tarehe za mzee kwenye makaratasi utakuta zimeandikwa na mtu mwengine aliyekuwa na haraka. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi cha baba kilisema amezaliwa tarehe 1 Januari 1936. Nusu ya wazee wa kijiji chetu wamezaliwa 1 Januari. Ungedhani mwaka ule wakunga hawakulala. Basi tarehe hiyo iweke pembeni, usiitupe, na umuulize mzee mwenziwe kwa vitu alivyovihesabu yeye. Mvuvi atakupa vyombo alivyopanda, mkulima wa karafuu atakupa misimu ya mavuno. Mfugaji atakupa ng'ombe.

Chukua karatasi kubwa. Andika majina ya ng'ombe wote wanaokumbukwa, mama juu, ndama chini yake, kama unavyochora nasaba ya watu. Baba aliwapa ng'ombe wake majina kama ya kwenye kanga: Nyota, kisha bintiye Subira, kisha Wache Waseme, na wengine 30 na kitu. Kila mmoja wetu alijua alizaliwa enzi ya ng'ombe gani. Mimi ni wa Subira, alipozaa ndama aliyekufa kwa kupe.

Sasa fanya hesabu. Mimba ya ng'ombe ni miezi 9 na siku chache, karibu sawa na ya binaadamu. Ng'ombe wetu wa kienyeji, yule mfupi mwenye nundu, huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka 3 au 4, kisha hukaa mwaka mmoja na nusu au miwili ndipo azae tena. Ukilijua hilo, nasaba ya ng'ombe inageuka kuwa miaka.

Kwa mfano, hakuna aliyejua baba na mama walioana mwaka gani. Mama alisema, "Nimeletwa hapa Nyota ana ndama wa pili, bado hajasimama vizuri." Nyota alinunuliwa mtamba, yapata miaka miwili, mwaka mmoja baada ya Vita vya Ng'ombe. Vita vya Ng'ombe, ule ugomvi wa wafugaji na serikali juu ya sindano za mifugo, vinajulikana: ni Julai 1951. Basi Nyota kanunuliwa 1952, kazaa ndama wa kwanza yapata 1954, wa pili 1955 au 1956. Ndoa iko hapo. Kisha nikahakikisha kwa upande mwengine. Mama alikuwa na mimba ya kaka mkubwa wakati wanaume walipokwenda kupiga kura kwa mara ya kwanza, na uchaguzi ule ulikuwa Julai 1957. Njia mbili zikikutana, andika. Zikigombana, andika "yapata" na uache mwanya wa miaka miwili mitatu. Hakuna aibu katika "yapata".

Kwa hesabu hiyohiyo kitambulisho kikaanguka. Shangazi anakumbuka kwamba wakati wa Vita vya Ng'ombe baba alikuwa tayari na ng'ombe wake mwenyewe wawili, jike mzee na dume. Angezaliwa 1936 angekuwa na miaka 15, na kwetu mtoto wa miaka 15 anachunga, hamiliki. Tukakubaliana amezaliwa kati ya 1928 na 1931. (Mwenyewe hakulijali hilo. Pencheni jamii ilipoanza mwaka 2016, Sh. 20,000 kwa mwezi kwa aliyefika miaka 70, alisema ng'ombe wake wanamlipa vizuri zaidi na hawamwambii apange foleni.)

Vigingi vyengine vya kuulizia kwa wazee wa Unguja: mgomo mkubwa wa mwaka 1948, Mapinduzi ya Januari 1964, zile eka tatu zilizogaiwa baadaye, kifo cha Mzee Karume Aprili 1972. Usiulize "ilikuwa mwaka gani?" Uliza "ulikuwa na ng'ombe gani?" Utaona uso unavyobadilika.

Usimtie mzee wako kwenye historia asiyokuwemo

Vita vya Ng'ombe vilianzia Kiembe Samaki. Serikali ya wakati ule ilitaka ng'ombe wote wadungwe sindano ya kimeta kwa lazima. Wenye ng'ombe waliogopa sindano itawaulia mifugo, na walikuwa tayari na uchungu wa ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege. Wakakataa. Wakashitakiwa, na siku ya hukumu watu wakafurika kuwatetea, mambo yakaishia kwa polisi kupiga risasi na watu kufa. Kila familia yenye ng'ombe kisiwani hupenda kusema mzee wao alikuwepo.

Na mimi nilishaandika. Nilikuwa na sentensi nzuri sana kuhusu kijana aliyesimama Kilimani, penye risasi, kifua mbele. Nilipomsomea ami alicheka mpaka akakohoa. "Baba yako siku ile? Baba yako alikuwa msituni na ng'ombe wake wawili. Kawafunga midomo kwa kamba wasilie. Kakaa siku tano anakula mihogo mibichi."

Nikaikata sentensi yangu nzuri nikaandika mihogo mibichi. Na siku ya kusoma, hapo ndipo wazee walipoinua vichwa.

Kisa hicho kina mkia, nao nisingeupata kama ningebaki na uongo wangu. Mtu huyohuyo aliyekimbia sindano ndiye aliyekuja kuwa wa kwanza kijijini kumwita bwana mifugo. Kilichombadilisha ni mbung'o. Karibu na msitu ng'ombe walikuwa wanakonda, manyoya yanasimama, jike mwenye mimba anaitoa. Kati ya 1994 na 1997 ndege ilikuwa inapita juu inamwaga mbung'o madume waliozalishwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi, wapande majike wa porini wasizae. Mwanzo baba alidhani serikali imeingia wazimu: tunaumwa na mbung'o, wanatuletea wengine! Alipoelezwa alikaa kimya, kisha akasema, "Mimi kuhasi dume mmoja nahitaji watu wanne na kamba mpya. Wao wamehasi inzi?" Mbung'o wa mwisho wa porini Unguja alinaswa mwaka 1996. Baba akaanza kuwafunga ng'ombe wake ukingoni mwa msitu, mahali ambapo baba yake yeye hakuthubutu.

Upendo andika kwa kitendo

Dada zangu walitaka niandike "alikuwa mume mwema na baba mwenye mapenzi". Nikawauliza, kivipi? Wakanyamaza. Si kwamba hakuwa hivyo. Ni kwamba wanaume wa rika lake hawakuwa na maneno hayo. Baba sikumsikia hata mara moja akimwambia mama neno tamu. Basi tafuta kitendo kilichorudiwa kila siku, ukielezee taratibu bila kukipamba.

Mjane ndiye wa kuulizwa, lakini kwa adabu. Yumo edani miezi minne na siku kumi, na siku hizo ni ndefu. Mimi nilikwenda kila Ijumaa baada ya sala, nikakaa kwenye mkeka, nikamenya naye ndizi au nikachambua mchele. Sikutoa daftari mpaka Ijumaa ya tatu. Mtu mikono ikiwa na kazi mdomo hufunguka.

Alinambia hivi. Baba aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akisali anakwenda bandani. Humwacha ndama anyonye kidogo mpaka maziwa yashuke, kisha humfunga kwenye mguu wa mbele wa mamake, jike amlambe huku akikamuliwa. Hujipaka vidoleni mafuta ya nazi, akachuchumaa, ndoo katikati ya magoti. Maziwa ya ng'ombe wa kwanza aliyatia kwenye kijungu cha udongo chenye mfuniko wa kifuu, akakiweka kizingitini mwa mlango wa jikoni. Hakusema neno. Hayo hayauzwi. Yaliyobaki ndiyo aliyoyafunga kwenye baskeli kupeleka mjini. Miaka ya foleni, mwanzoni mwa miaka ya 1970, unga na sukari vilikuwa vya kutafuta, na maziwa yalikuwa na wateja wa bei yoyote. Kijungu kiliendelea kukaa kizingitini. Mama alisema, "Siku aliyokufa Subira, ng'ombe ni mmoja tu mwenye maziwa. Nikajua leo kijungu kitakuwa kitupu. Nikafungua mlango, kimejaa. Alikwenda mjini na ndoo tupu kuwaambia wateja hana, njia yote ile kwenda na kurudi, asije mtu akamngoja bure."

Niliandika kama alivyosema. Sikuongeza kwamba huo ni upendo.

Na makosa?

Yataje machache, kwa idhini ya aliyekosewa. Marehemu hutajwa kwa mema, na hitma si mahakama. Ugomvi wa mipaka na mambo ya mke mwengine yaache yalipo. Lakini mzee asiye na doa hata moja hakuna anayemtambua. Baba alimtoa kaka mkubwa skuli darasa la tano akachunge, kisha sisi wadogo akatusomesha kwa pesa za ng'ombe haohao. Kaka alilibeba hilo maisha yake yote. Nilimuuliza nilitaje au nisilitaje. Alifikiri mpaka tukamaliza kahawa, akasema, "Litaje. Na utaje kwamba aliniomba radhi." Mimi nilikuwa sijui kwamba alimwomba radhi. Ilikuwa 2004, bandani, hakuna shahidi ila ng'ombe.

Piga picha banda kabla ya mirathi

Hili ni la haraka, usilichelewe. Mirathi ikishapigwa, mama akapata thumuni yake na watoto mafungu yao, ng'ombe wanatawanyika ndani ya wiki, na nusu wanauzwa kwa sababu nani mjini anafuga? Hakuna ubaya, ndiyo sharia na ndiyo maisha. Lakini kabla ya hapo nenda na simu. Piga picha kila ng'ombe na useme jina lake kwa sauti ukirekodi. Piga kigingi, kata, ndoo, kamba ya usumba aliyosokota mwenyewe na fundo lake, maana kila mfugaji ana fundo lake.

Na angalia kuta. Nyuma ya mlango wa banda nilikuta michoro ya makaa, vijistari vitano vitano, safu kwa safu mpaka juu ya kimo changu. Nilidhani mchezo wa watoto. Mpwa wangu alikuwa ameshachanganya chokaa apake. Kumbe ni hesabu ya maziwa: kila safu ni mteja mmoja, kila mstari ni chupa. Safu zilizolipwa zimepigwa mstari mrefu katikati. Ziko safu nne ambazo hazikupigwa mstari wala hazikufutwa, na mojawapo ina vijistari zaidi ya mia. Nadhani namjua mwenyewe. Alileta pesa zake kwenye ncha ya kanga.

Kuandika na kusoma

Andika mbili. Ndefu ibaki nyumbani, uitoe nakala moja kwa kila mtoto, na usihesabu kurasa. Fupi ni ya kusomwa, isizidi kurasa mbili za mkono. Watu wameshasoma juzuu, ubani umefuka, harufu ya pilau imeshafika barazani. Ukizidi dakika tano wanakusikiliza kwa pua. Muombe ruhusa shekhe anayeongoza, na umuulize usome kabla ya dua au baada. Kama kwenu hamfanyi arubaini, chagueni siku yoyote ambayo ukoo unakutana.

Usianze na kuzaliwa. Mimi nilianza na kijungu kizingitini. Maneno yake yaache alivyoyasema, usimsahihishe Kiswahili. Nimesahihisha watoto wa watu miaka 28 na mkono ulikuwa unawasha, lakini nilijizuia. Fupi ile msomee kwanza mtu mmoja aliyemjua kuliko wewe, naye akikunja uso usibishane, uliza.

Yangu niliisoma Jumapili baada ya alasiri. Sauti ilinitoka vizuri mpaka kwenye ng'ombe wa kwanza, nikasema, "Nyota, jike mweusi mwenye doa jeupe pajini." Kutoka ndani kukasikika minong'ono. Kisha akaja mtoto mdogo wa kike, akapita katikati ya wazee kwa heshima, akanishika kanzu, na mbele ya watu wote akasema, "Bibi amesema Nyota si mweusi. Nyota mwekundu. Mweusi mamake."

Bibi huyo ni shangazi. Niliitoa kalamu palepale, nikakata, nikaandika juu yake: mwekundu. Nakala nane zote nimezirekebisha kwa mkono.